Pawa Saplai Iliyokuwa Ikiniogopa

Upande mpya wa jengo ulipokamilika, hesabu ya umeme wa kengele za moto ilikataa kukaa sawa. Paneli kuu ya kengele iliyokuwepo ilikuwa na uwezo wa kutoa ampea 3 kwa ving'ora vyake vyote, na kati ya hizo ampea 2.4 zilikwisha kuwa na wenyewe. Upande mpya ulihitaji ving'ora 16 vyenye taa za kumweka, kila kimoja kikitumia takribani ampea 0.15 pindi moto unapotangazwa, yaani ampea 2.4 nyingine. Ndipo nikatumwa kufunga pawa saplai ya ziada, kazi ambayo kwa kawaida humalizika bila mtu yeyote kujua kwamba imefanyika.

Kwa asiyeifahamu, pawa saplai ya ziada ni sanduku jekundu la chuma linalofungwa ukutani, lenye transfoma, bodi ya saketi, na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo ili zitoe volti 24. Lenyewe halijui lolote kuhusu moto. Husubiri amri ya paneli kuu, ambayo siku zote hupitisha mkondo mdogo kwenye waya wa ving'ora hadi kwenye rizista, kifaa kidogo cha kupunguza mkondo, iliyofungwa mwisho wa waya, ili ijue kwamba waya haujakatika. Siku ya moto paneli hugeuza chanya kuwa hasi na hasi kuwa chanya, na sanduku likiuona mgeuko huo, linawasha ving'ora vyake kwa nguvu zake lenyewe. Niliunganisha hasi za pande zote mbili, kisha nikaondoa jampa, kiungo kidogo kinachowasha uchunguzi wa erthi (umeme kuvuja kwenda ardhini), kwenye sanduku jipya, kwa sababu vifaa viwili vikichunguza erthi kwenye hasi moja huanza kushtakiana vyenyewe kwa vyenyewe, na fundi ndiye anayegeuzwa hakimu.

Hesabu ya betri nayo ina utamu wake, na ninamwomba msomaji anivumilie hapa kwa sababu kisa chote kimejificha ndani yake. Umeme wa ukutani ukikatika, betri zilitakiwa kulibeba sanduku kwa muda wa saa 24 likiwa limetulia, na baada ya hapo ziwe bado na nguvu ya kupiga ving'ora kwa nusu saa. Sanduku lililotulia lilitumia ampea 0.1, ambayo kwa saa 24 ni ampea-saa 2.4, ving'ora kwa nusu saa vilihitaji ampea-saa 1.2, jumla 3.6, na ukiongeza robo yake kwa ajili ya uzee wa betri unafika 4.5, hivyo betri za ampea-saa 7 zilitosha na kubaki. Kikwazo kilikuwa milango. Korido ile ilikuwa na milango 10 ya kuzuia moto, kila mmoja ukishikiliwa wazi na sumaku ya umeme iliyofungwa ukutani ili watu wapite bila kusukumana nao, na sumaku hizo kwa pamoja zilikula nusu ampea usiku na mchana. Kwa saa 24 hizo ni ampea-saa 12, ambazo betri zangu hazikuwa nazo wala hazikuwahi kuahidi kuwa nazo. Dawa yake imo ndani ya sanduku lenyewe: upo mpangilio unaoliamuru, umeme wa ukutani ukipotea, lisubiri sekunde 30 kisha lizikatie sumaku umeme, milango ijifunge kwa springi zake, na betri zibaki kwa ajili ya ving'ora. Nikaupanga hivyo, nikaridhika.

Jambo la pili nililipanga kwa huruma. Hitilafu ya umeme wa ukutani haikutakiwa kupelekwa papo hapo kwenye kituo cha uangalizi, kwa kuwa umeme ukikatika katika mtaa mzima, kituo hupokea taarifa za kila jengo kwa pamoja na hakuna hata moja yenye faida. Nikaliwekea sanduku ucheleweshaji wa saa 3: umeme ukirudi kabla ya hapo, rilei ya hitilafu, yaani swichi ndogo inayoipasha paneli habari, isiachie na mtu yeyote asiamshwe.

Umeme wenyewe uliletwa na fundi umeme wa jengo, mtu nadhifu ambaye hata waya zisizoonekana huzifunga kwa mstari ulionyooka. Alinionyesha kwenye ubao wa umeme breka ya peke yake, nyekundu, yenye kufuli, na chini yake kibandiko kilichosema KENGELE YA MOTO, USIZIME. Nikapima, volti 230. Nikazima breka, taa ya kijani ya sanduku ikazima, nikaiwasha, ikawaka. Tukapiga ving'ora vyote 16 mbele ya meneja aliyeziba masikio, kila mtu akaweka sahihi mahali pake, tukaagana.

Usiku wa kwanza simu ilinikuta usingizini. Mwendeshaji wa kituo cha uangalizi, mwenye sauti ya mtu aliyelala mchana kutwa, aliniarifu kwa adabu kwamba pawa saplai namba 2 ina hitilafu tangu saa 6 na dakika chache usiku. Nilipofika, mlinzi wa zamu, mzee mmoja mpole ambaye kazi yangu aliifuatilia tangu siku ya kwanza kuliko hata meneja, alitoka chumbani kwake kunipokea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sanduku lako linalia. Ngoja nikuwashie taa za korido, usije ukajikwaa gizani."

Akabonyeza swichi chumbani kwake. Korido ikawaka mwanzo hadi mwisho, na paneli, iliyokuwa ikipiga mlio wake wa hitilafu bila kuchoka, ikanyamaza. Kwenye kioo yakabaki maneno kwamba mfumo ni mzima. Nilifungua sanduku nikalikuta limetulia kabisa, taa ya kijani inawaka, hakuna hata chembe ya njano.

"Umeme ulikatika, Mzee?"

"Haujakatika hata kidogo. Redio yangu haijanyamaza tangu nimeingia lindo."

Na alisema kweli. Hata paneli kuu, ambayo huandika kila kinachoipata pamoja na saa na dakika, haikuwa na kumbukumbu ya kukosa umeme. Iliandika tu kwamba moduli inayoliangalia sanduku jipya imeripoti hitilafu, bila kutaja hitilafu gani, kwa sababu rilei ile ni moja na huachia kwa kila aina ya jambo: betri dhaifu, waya uliokatika, rizista iliyolegea, chaji isiyofanya kazi. Kwa kuwa umeme ulikuwepo, nilibakiwa na hayo mengine. Nikapima betri, nikakuta volti 26 na ushei zikipanda taratibu, wakati betri zilizojaa zingepaswa kuwa kwenye 27 na zaidi. Nikazitilia shaka. Kesho yake nikaleta betri mpya.

Betri mpya zililia saa ileile.

Tangu hapo mambo yakawa na ratiba. Saa 6 usiku hitilafu, simu, safari, shikamoo, marahaba, taa za korido, ukimya. Nilibadilisha rizista za mwisho wa waya. Nilikaza kila skrubu, hata zile zisizoshika kitu. Nilibadilisha bodi nzima ya saketi, na bodi mpya ikalia kwa ufasaha uleule wa bodi ya zamani. Usiku mmoja nilikwenda na taa ya kichwani nikamwambia Mzee asijisumbue na swichi, lakini heshima yake haikumruhusu kumwacha mgeni apite gizani. Aliibonyeza kabla sijamaliza sentensi. Meneja alitazama orodha ya matukio kwenye paneli, akaona kwamba kila hitilafu inaisha dakika ileile ambayo kitabu cha lindo kinaonyesha nimeingia, na akaniuliza, kwa upole uliojaa mambo mengine, kama ninalipwa kwa kila safari ya usiku.

Mzee hakunishuku hata kidogo. Yeye alikuwa na maelezo yake, na ukiyapima kwa ushahidi uliokuwepo, yalikuwa na nguvu kuliko yangu.

"Mwanangu, hili sanduku linakuogopa. Likikuona tu, linanyamaza."

"Mzee, ni chuma na waya."

"Nami nakwambia linakuogopa. Niachie kizibao chako."

Nilikuwa na kizibao cha kazi cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutobishana, nikamwachia. Akakining'iniza kwenye mlango wa sanduku, akakiweka sawa mabegani, akafunga vifungo vyote, na ninaamini aliniombea. Usiku huo simu ilikuja saa 6 na dakika 4. Mzee aliripoti kwa masikitiko kwamba sanduku limegundua kuwa ndani ya kizibao hamna mtu.

Ukweli ulitoka kinywani mwake mwenyewe, tena kama shukrani. Nilikuwa nimeamua kukesha, nikafika jioni nikakaa naye chumbani mwake tukizungumza, na ilipokaribia saa 3 usiku alisimama kwenda kwenye swichi.

"Kwa kweli sanduku lako linanisumbua," alisema, "lakini lazima niseme haki, limenipunguzia kazi. Zamani nilikuwa nikizima taa, nazunguka korido nzima kufunga milango mmoja mmoja kwa mkono, na goti hili unalijua. Tangu ulilete, nazima taa tu, kisha milango inajifunga yenyewe. Hilo ulilifikiria vizuri."

Nilimtazama. Yeye akadhani nasubiri sifa zaidi, akaongeza kwamba wenzake wa majengo ya jirani hawana kitu kama hicho.

Kwa siku zote hizo nilikuwa nikiikuta milango imefungwa kila nifikapo usiku, na sikuona ajabu yoyote, kwa kuwa nilijua ni kazi ya Mzee kuifunga. Nilimwomba asiguse swichi kwanza, nikaenda kusimama mbele ya sanduku lililofunguliwa, macho kwenye taa ya kijani, nikamwambia kwa sauti azime. Korido ikaingia giza na taa ya kijani ikaingia giza pamoja nayo. Mahali pake ikawaka ya njano. Nikaanza kuhesabu sekunde.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba meneja, aliyekawia kazini, alikuwa ametoka ofisini kwake mwisho wa korido akiwa na bunda la karatasi kifuani, na taa zilipozimwa alikuwa amefika katikati akipapasa ukuta kwa kiwiko. Sekunde ya 30 ilipotimia, sumaku 10 ziliachia kwa mpigo mmoja. Springi za milango ya moto hazina mzaha, na milango 10 inayojifunga pamoja kwenye korido ndefu tupu hutoa mshindo ambao ving'ora vyangu 16 havijawahi kuufikia. Meneja alipiga ukelele. Mzee akapiga filimbi ya lindo. Mimi, aibu zangu, nilipiga kelele za furaha, nikisema "Ndiyo! Ndiyo!" gizani, jambo ambalo meneja alilielewa vibaya na alichukua muda mrefu kulisahau. Taa zilipowashwa tulimkuta amebanwa kati ya milango miwili, mzima, karatasi zimetapakaa, na ncha ya tai yake imo upande wa pili wa mlango wa saba.

Fundi umeme aliitwa asubuhi, akafungua ubao wake nadhifu, na kila kitu kikawa wazi. Breka nyekundu ilikuwa kweli ya peke yake, na kufuli lilikuwa kufuli. Lakini waya unaoilisha aliuchukua mahali palipokuwa karibu na panapopendeza, yaani baada ya kontakta, yaani swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme, ya taa za korido, ile inayoamriwa na swichi ya chumbani kwa Mzee. Mchana, ambapo taa za korido huwa zinawaka kwa kuwa korido haina dirisha, kila kipimo kilitoka sawa. Saa 3 usiku Mzee alizima taa, na sanduku likahamia kwenye betri bila kumwambia mtu, likavumilia saa 3 za huruma nilizoliwekea, na saa 6 usiku likalia. Nami nilipofika, Mzee aliniwashia taa. Volti zile 26 zilizokuwa zikipanda taratibu zilikuwa za betri zilizoanza kuchajiwa dakika hiyo hiyo, kwa hisani yake.

Waya ulihamishiwa kabla ya kontakta, kwenye umeme usiozimwa na mtu. Fundi umeme alitumia zana zake kwa nusu saa bila kuzungumza, akaunyoosha waya mpya kwa mstari mzuri kuliko wa awali, akaondoka kwa kupitia ngazi ya nyuma. Usiku ule simu haikulia, nikalala hadi jua likanipiga usoni.

Asubuhi meneja alinitumia picha ya ukurasa wa kitabu cha matukio cha lindo. Kwa mwandiko wa Mzee, uliotulia na wenye herufi kubwa, palikuwa pameandikwa: "Saa 3:10 usiku. Nimezima taa. Milango ya korido haijajifunga hata mmoja. Nimezunguka kwa miguu kuifunga yote 10. Sanduku la fundi limeharibika. Aitwe haraka." Na chini yake, kwa kalamu nyekundu ya meneja: "Nimeona. Asiitwe."