Majani Marefu, Maziwa Haba

Msimu wa masika, mikokoteni ya nyasi za nepia inayoingia Likoni na Changamwe, hapa Mombasa, hubeba majani marefu kumzidi anayeisukuma. Mfugaji hulipa kwa mzigo, basi muuzaji akate mapema kwa faida gani? Anangoja bua linenepe. Sisi nasi tukiona maziwa yamepungua, tunakimbilia kutafuta mbegu mpya.

Nepia iliyotiwa samadi ikakatwa wiki ya 6 hadi ya 8, ikiwa na kimo cha mita 1 hivi, huwa na protini karibu asilimia 10 ya uzito mkavu, yaani uzito ukiondoa maji. Ikivuka wiki ya 12, mara nyingi hushuka hadi 6 au chini yake. Ikiwa chini ya 7, vijidudu vya tumbo kuu hukosa naitrojeni ya kufanyia kazi, chakula kinakaa tumboni, na ng'ombe anasusa ilhali hori limejaa. Jani huzeeka polepole. Bua ndilo linaloharibu mambo: kila wiki linachukua sehemu kubwa zaidi ya mzigo, na linajikaza kwa lignini, ile nyuzi ngumu ya mti, ambayo tumbo haliwezi kuimeng'enya. Joto letu huharakisha ugumu huo, kwa hiyo ratiba ya Nyandarua kwenye baridi haifai kufuatwa Pwani.

Machotara nao hawajasamehewa. Supa nepia, yaani Pakchong 1 ya Thailand, ni mchanganyiko wa nepia na uwele, na wauza vipando huisifu kwa protini ya asilimia 16 na zaidi. Kiasi hicho kinahitaji majani machanga ya siku 45 hivi na mbolea nyingi ya naitrojeni. Iache miezi mitatu bila samadi uone kama si kuni. Mulato II, chotara mwingine aliyezalishwa Kolombia kutokana na nyasi za brakiaria za aina tatu, ina majani mengi kuliko bua, ndiyo maana huchelewa kuharibika. Ila haivumilii ardhi inayotuama maji. (Wabrazili wana nyasi za gine walizoziita Mombaça. Hata hizo, jina la mji wetu haliziokoi zikishatoa maua.)

Kukata mapema mno nako kuna hasara. Nyasi za wiki 4 ni maji matupu, kinyesi kinalegea, na shina halijaweka akiba ya kuchipua tena. Acha kisiki cha sentimita 5 hadi 10, kisha rudisha samadi palepale.

Kabla ya kulipa, pinda bua katikati. Changa hukatika na kutoa maji. Kuukuu huchanika nyuzinyuzi. Angalia pia majani ya chini kama yamekauka. Muuzaji atakwambia nepia iliyokomaa ina maji machache, na hapo hasemi uongo: ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 70 za nepia mbichi changa kwa siku. Lakini uzito mkavu unaobaki horini haukamuliwi.

Ukishakwama na majani yaliyokomaa, yakate vipande vya sentimita 2 hadi 3, uchanganye na majani ya miti ya malisho, lukina au gilirisidia, yasiyozidi theluthi moja ya chakula. Gilirisidia ianike kwanza inyauke, maana harufu yake mbichi huwakimbiza ng'ombe wasioizoea. Bora zaidi, patana na mkulima akukatie kila wiki ya 7, na umwongeze bei, kwa sababu anapoteza ujazo wa mkokoteni.