Simu ya tachi au kidude cha memori kadi: mtoto wa darasa la tano anunuliwe nini?

Kwenye grupu letu la familia kuna ubishi haujaisha wiki nzima. Shemeji yangu bado yuko Dar kikazi, dada yangu ofisi yake ilihamia huku Dodoma, anakaa Nzuguni na binti yao wa miaka 10, darasa la tano. Binti kaomba simu. Baba mtu anasema anunuliwe tachi hata ya bei ya chini, nimuone mwanangu kwa video jioni na asome humo humo. Mama mtu anasema simu hapana, huyu anachotaka ni nyimbo na hadithi tu, atafutiwe ki-MP4, kile kidude cha kuchezea nyimbo cha memori kadi, yaishe. Bibi wa Kongwa yeye kauliza tu kwani redio imefanya nini.

Mi niko upande wa dada kwa kiasi kikubwa, ila baadhi ya sababu anazotoa hazisimami kabisa, na shemeji naye ana hoja nzito kuliko watu wanavyomcheka humo ndani, kwa hiyo nimeona niandike kwa kirefu kuliko kutuma voisi za dakika tano ambazo hakuna anayezisikiliza mpaka mwisho.

Tuanze na hicho kidude chenyewe maana watu wanakiongelea kama bado kinauzwa kila duka. Enzi za iPod zimeshapita, Apple walitoa ya kwanza mwaka 2001 na Mei 2022 wakatangaza kwamba iPod touch iliyobaki dukani ikiisha ndo basi tena. Sony bado wana Walkman lakini nyingi za sasa zinatumia Android na kwa bei yake unapata simu nzuri tu na chenji juu. Ukizunguka maduka ya mjini kati mpaka Majengo sokoni utakachokuta ni vi-MP3 vya Kichina visivyo na jina, vya kubana kwenye shati, vi-MP4 vyenye kioo kidogo, na vile viredio vya spika vyenye tundu la flashi na memori ambavyo wazee wanachunga navyo ng'ombe. Vya kioo uwe navyo makini sana. Kwenye boksi kimeandikwa GB 64, ukiweka nyimbo zinaingia zote bila shida, ukija kuzicheza nusu yake hazifunguki kwa sababu memori imechezewa ijitangaze kubwa kuliko ilivyo. Afadhali kidude ambacho hakina memori ya ndani ya maana lakini kinakubali kadi, kadi unainunua mwenyewe, ikifa unabadilisha kadi peke yake.

Af kuna kitu cha tatu ambacho kwenye grupu wote wamekiruka: kitochi. Kitochi cha kawaida cha batani kina redio, kina tundu la memori kadi, kinapiga nyimbo, kina tochi, chaji inakaa siku kadhaa, na kinapiga simu. Yaani ni hicho hicho kidude anachokitaka dada, kimeongezewa laini. Kipya kabisa unakipata chini ya elfu hamsini wakati tachi mpya ya kueleweka unaanzia laki na kitu. Mapungufu yake ni kwamba vingi siku hizi vimewekwa intaneti ya kijanja kijanja, kuna Facebook humo ndani, kwa hiyo kabla hujalipa fungua menyu uangalie, na ukiweka laini usiiunge bando.

Sasa hoja ya dada yenye nguvu kuliko zote wala haijazungumziwa, watu wamebaki kwenye maadili, maadili, maadili, wakati kuna hesabu rahisi tu. Wimbo wa MP3 wa kiwango cha kawaida cha ubora wa sauti, kbps 128, dakika moja ni kama MB 1, kwa hiyo kadi ya GB 8 inameza nyimbo kama 2,000 za dakika nne nne. Hadithi ya kusimuliwa ya saa nzima ni MB 60 hivi, ukiibana mpaka kbps 64 inashuka kwenye MB 30 na sauti ya mtu anayeongea bado unaipata vizuri tu. Ukishaweka umeweka, haikudai tena. Upande wa pili saa moja ya YouTube kwenye ubora wa picha wa 480 inaweza kula MB 500, akipandisha 720 ndo usiseme, na mtoto haangalii saa moja. Shemeji anatuma hela ya matumizi kila mwezi, ajue tu kwamba kuna mlaji mwingine anaongezeka mezani.

Ila dada anaposema kidude cha memori ni salama kwa sababu hakina intaneti, hapo ndo namkatalia. Hizo nyimbo zinaingiaje? Wengi wetu tunajua: unaenda kwa kijana wa stationary au yule wa maktaba ya muvi, unampa kadi na buku mbili, unamwambia weka za watoto. Yeye ana foleni, kompyuta inaunguruma, kuna mtu anasubiri kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, anachofanya ni kukamata folda moja zima lililoandikwa MIX MPYA na kulimwaga kwenye kadi. Humo utakuta nyimbo za kwaya, singeli yenye matusi, mawaidha, vichekesho vya kikubwa, na kama kidude kinacheza video basi na vipande ambavyo hata wewe mzazi ukivikuta utazima haraka. Hakuna historia ya kuangalia, hakuna ripoti inayokuja kwenye simu yako, kadi ni ndogo kama ukucha, watoto wanabadilishana njiani wakitoka shule na wewe hujui. Tachi angalau inaacha nyayo. Kwa hiyo usalama wa kidude unatoka kwa mtu anayeijaza kadi, na kama mzazi hatakaa chini jioni moja moja kuijaza mwenyewe, intaneti imeingia ndani kupitia dirishani.

Na masikio. Shirika la Afya Duniani wanashauri kwa watoto sauti isizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, kwa mkubwa ni 80, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu. Android nyingi zinakuonya ukipandisha sauti kwenye hedifoni. Kidude cha Kichina hakikuonyi chochote, kinapandisha mpaka hedifoni inapiga kelele mpaka jirani anasikia wimbo gani. Hapa viredio vya spika vinashinda vyote, kero yake mnaisikia nyumba nzima lakini sikio la mtoto liko salama zaidi na nyie mnasikia anachosikiliza.

Tuje kwa shemeji. Hoja ya kumuona mtoto mi siidharau hata kidogo. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016 Dodoma imejaa familia za namna hii, mmoja Mtumba kwenye mji wa serikali mwingine Dar, na hata treni ya SGR ilivyoanza 2024 ikarahisisha safari bado huwezi kuja kila siku kukagua homuweki. Mtoto kumuona baba yake usoni ni kitu, na kitochi hakikupi hicho. Pia kwenye masomo shemeji haongei hewani, Taasisi ya Elimu wana maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na mitihani iliyopita ya NECTA, Baraza la Mitihani, imejaa mtandaoni, mtoto anayejitambua anafaidika kweli. Japo tuseme ukweli, kurasa ya kitabu cha Sayansi kwenye kioo cha inchi sita unakuza, unasogeza kushoto, unarudisha, dakika kumi mtoto kahamia kwenye katuni. Mi nikitaka asome kitabu nakinunua kitabu.

Wanaomtetea shemeji wanasema kuna Family Link ya Google, ni ya bure, baba akiwa Dar anaweza kuona mtoto kafungua nini, anaruhusu au kukataa programu, anaweka simu ijifunge saa mbili usiku. Ni kweli, ipo na inafanya kazi. Lakini angalieni simu zinavyonunuliwa. Unalipa, kijana wa duka anakwambia ngoja nikufungulie Gmail bosi, anaandika jina analolijua yeye, mwaka wa kuzaliwa anaweka 1990, nywila anaweka anayoijua yeye, anapakua na WhatsApp juu, anakukabidhi simu inawaka. Kuanzia hapo Google wanaamini mwenye simu ni mtu mzima. Hakuna kizuizi cha Family Link kitakachofanya kazi, TikTok yenyewe inayosema miaka 13 itafunguka kwa sababu anachoangalia ni tarehe uliyompa. Australia wameamua kwa sheria, tangu 10 Desemba 2025 aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye TikTok, Instagram na wenzao, na kampuni ndo zinabanwa. Sisi huku mlinzi ni mzazi tu na huyo kijana wa duka.

Halafu laini. Inasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA, na NIDA mpaka ufike miaka 18, kwa hiyo ya mtoto itakuwa ya jina la mama. Akitumiwa ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" akaijibu, akajiunga na grupu la ajabu, akatuma picha isiyofaa, anayetafutwa ni mwenye NIDA. Hili linakihusu kitochi pia kwa upande wa simu na meseji, ila kwenye tachi eneo la kukosea ni kubwa mno.

Lakini kuna jambo mi naona ndo kiini na hao wazazi wawili wanalizunguka. Binti tayari ana simu ya tachi. Ya mama yake. Dada akitoka Mtumba jioni amechoka, vumbi limemjaa, anaweka mkoba chini na simu inachukuliwa kabla hajavua viatu. Humo ndani kuna hela zake, kuna magrupu ya kazini, kuna picha za mambo ya wakubwa wanazotumiana mashoga zake, na YouTube inayompendekezea mtoto vitu kutokana na alivyoangalia mama. Kwa hiyo ukiuliza kidude au tachi kana kwamba mtoto anaanzia sifuri unapima vibaya. Kinachopimwa ni kipi kitamtoa kwenye simu ya mama. Na hapa kidude kinaweza kushindwa vibaya sana, kwa sababu mtoto aliyezoea kioo ukimpa nyimbo zile zile kwa miezi mitatu atakiacha droo na kurudi alikozoea. Kikijazwa upya mara kwa mara, hadithi mpya, kwaya ya kanisani kwao aliyoimba mwenyewe, masomo ya Kiingereza, hata bibi akirekodiwa akisimulia hadithi za Kigogo ikawekwa humo, kinamshika. Bila kazi hiyo ni hela imetupwa, na hapo tachi yenye usimamizi wa kweli itakuwa afadhali kuliko simu ya mama isiyo na usimamizi wowote.

Nikipima yote, kwa huyu binti mi ningenunua kitochi chenye kadi pamoja na kispika kidogo. Mama anarudi jioni, mtoto yuko na dada wa kazi, kunatakiwa namba ya kupiga likitokea la kutokea, hicho ki-MP4 hakina msaada hapo. Shuleni hakiendi, wanafunzi hawaruhusiwi simu ya aina yoyote na mwalimu akiikamata huna cha kujitetea. Video ya baba ibaki kwenye simu ya mama, kwa muda unaojulikana, wakimaliza mama anaichukua simu yake na anaifunga kwa namba ambayo siyo mwaka wa kuzaliwa wa huyo huyo mtoto. Kuna waliopendekeza tachi kuukuu bila laini, nayo siyo mbaya nyumba isiyo na waifai, inakuwa kidude kikubwa chenye kioo kizuri tu, ila jirani akiwasha hotispoti siku moja umerudi pale pale.

Hii hesabu inabadilika akimaliza shule ya msingi. Ile miezi ya kukaa nyumbani kusubiri kidato cha kwanza atakuwa amekua kidogo, ana marafiki wa kuwatafuta, ana vitu vya kujifunza ambavyo kadi haiwezi kumpa, na akikutana na tachi kwa mara ya kwanza bwenini kwa kujificha ni hatari zaidi kuliko kuijulia sebuleni. Hapo nitakuwa upande wa shemeji, anunue, hata nzuri kidogo. Ila Gmail aifungue yeye mwenyewe, mwaka wa kuzaliwa auandike ule wa kwenye cheti cha mtoto.