Kurasa 48 au 64? Ubishi wa kitabu chetu cha kanuni

Umeme ulikatika Soweto, hapa Mbeya, tukiwa katikati ya mchezo wetu, wakati mhusika wa mwenzetu ameshaumwa na nyoka akivuka Ruaha. Msimulizi, yule anayeuongoza mchezo, akawasha tochi ya simu, akaanza kupekua kitabu cha kanuni. Sumu iko ukurasa wa 31, lakini pale pameandikwa tu "tazama kuumia". Kuumia kuko ukurasa wa 11. Huko nako unaambiwa dawa za mitishamba ziko nyuma. Mmoja wetu alitoka kununua karanga, akarudi, akamkuta nyoka hajaamuliwa.

Kitabu hicho tumekitunga wenyewe. Ni mchezo wa kuigiza wahusika mezani, kwa dadu na penseli, na dunia yake ni nyanda hizi za juu kusini, na ngome zake, misafara na ukungu. Ni A5, chapa nyeusi, kurasa 48. Sasa tunaandaa toleo la pili na kikundi kimegawanyika. Wapo wanaotaka zibaki 48. Wapo wanaotaka 64 bila kuongeza hata kanuni moja: kurasa 16 zote ziende kwenye nafasi, vichwa vidogo, marudio na faharasa. Hao wa pili wameshaitwa mabwana mapambo, na sidhani kama wametendewa haki.

Hao wa 48, wabanaji, wana hesabu yao, na ni hesabu ya kweli. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne za A5, kwa hiyo 48 ni karatasi 12 na 64 ni karatasi 16. Steshenari yetu inatoza shilingi 100 kwa kila upande, hivyo nakala moja inapanda kwa 800. Kwa mwanafunzi anayedurufu nakala ili ampe mwenzake bure, hiyo ni chai na chapati. Wana na hoja ya historia: Dungeons & Dragons, mchezo wa Kimarekani, ilipotoka mwaka 1974 ilikuwa vijitabu vitatu ndani ya boksi, mpangilio wake ovyo, na bado ilizaa aina nzima ya michezo. Mchezo mzuri hauhitaji kupakwa poda, wanasema.

Mimi hoja hiyo ya 1974 inanipeleka upande wa pili. Vijitabu vile vilimtegemea msomaji ambaye tayari anajua michezo ya vita ya mezani, ile ya sanamu ndogo za askari, na wengi waliucheza kwa kuonyeshwa na aliyewatangulia. Pale kitabu kiliposhindwa, mtu alieleza. Sasa chukua nakala yetu uipeleke Njombe au Makete, kwa vijana wanne ambao hawajawahi kuona dadu ya pande 20. Watamuuliza nani? Kitabu ndicho mwenyeji wao pekee. Kikikaa kimya kwenye sumu, wanakifunga na kurudi kwenye karata.

Halafu kuna lugha yenyewe, jambo ambalo wabanaji hawaligusi kabisa. Tuliiga safu mbili kutoka vitabu vikubwa vya Kiingereza. Kwenye A5, safu moja inabaki na herufi 33 hivi kwa mstari. Sasa liweke humo neno "watakapomshambulia": herufi 18, zaidi ya nusu ya mstari, neno moja! Ukinyoosha kingo zote mbili, maneno yaliyobaki yanatawanyika kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Safu moja pana, kingo ya kulia ikiachwa huru, inatatua hilo, ila inakula kurasa. Kwa hiyo sehemu ya zile 16 ni gharama ya kuandika Kiswahili bila kukitesa, na sioni mapambo hapo.

Faharasa ndiyo iliyoninyima usingizi. Rasimu ya kwanza tuliipanga kwa alfabeti bila kufikiri: kushambulia, kukimbia, kujificha, kuponya, kupanda mlima. Herufi K ikameza zaidi ya ukurasa mzima, S ikabaki na sumu, silaha na vingine viwili. Kamusi zetu zilishalimaliza suala hili, kitenzi kinaingia kwa shina lake: shambulia, jificha, ponya. Mchawi anakaa M, na wachawi hawahitaji mstari wao. Lakini hata hapo haitoshi, kwa kuwa mchezaji hatafuti kwa sarufi, anatafuta kwa kelele za meza. Anayeumwa na nyoka anaweza kutafuta "sumu", "nyoka" au "dawa". Yote matatu yanatakiwa yampeleke ukurasa uleule, na ukurasa huo uwe na jambo zima, hata kama kanuni ya kuumia itaandikwa mara mbili. Marudio hayo ndiyo wabanaji wanayaita upotevu.

Kuhusu picha niko nao. Mandhari ya kijivu nyuma ya maandishi, ikidurufiwa mara tatu, inakuwa masizi matupu. Mörk Borg ya Uswidi, mchezo mwingine wa aina hii uliotoka 2020, ni ghasia ya njano na nyeusi iliyopendwa mno, na wenyewe walitoa pia toleo la bure la kanuni tupu, bila michoro. Sisi hatuna uwezo wa kutoa matoleo mawili. Tuanze na lile tupu, picha moja ya ngome ibaki kwenye jalada.

Ningekubali 56 pia: karatasi 14, nyongeza ya shilingi 400, endapo tutafupisha ile hadithi ndefu ya mwanzo ambayo, kusema kweli, niliiandika mimi. Jumamosi ijayo rasimu zote mbili zinawekwa mezani. Mdogo wake msimulizi, ambaye hajawahi kucheza, atapewa tochi na kuambiwa nyoka kamuuma.