GitHub kwa Microsoft: msimbo unahamishika, na mengine je?

Juni 2018, Microsoft ilipotangaza kuinunua GitHub, jukwaa la kuhifadhi na kuandika pamoja msimbo wa programu, kwa hisa za dola bilioni 7.5, waandishi wengi wa programu huria walianza mara moja kuhamishia kazi zao GitLab, jukwaa shindani. Hofu yao ilikuwa na chimbuko. Mwaka 2001 Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, aliifananisha Linux, mfumo endeshi huria, na saratani. SourceForge, jukwaa kongwe la programu huria, nalo liliuzwa 2012, na mwaka uliofuata likaanza kufungasha programu za matangazo ndani ya visakinishi.

Hata hivyo, kwa Mwanza ununuzi ule ulileta nafuu ya kweli. Kabla ya Januari 2019, repo (ghala la msimbo wa mradi) za faragha zililipiwa dola 7 kwa mwezi, tena kwa kadi au PayPal. Kijana wa Malimbe anayeandika programu ya hesabu za wauza dagaa wa Kirumba angelipaje? Leo hazilipiwi. Wala mmiliki mpya si lazima awe mbaya: SourceForge ilipouzwa tena 2016, wanunuzi waliufuta mpango ule wa matangazo.

Kilichonipa mashaka zaidi kilikuja baadaye. Mwaka 2021 ilitoka Copilot, zana ya GitHub ya akili unde inayopendekeza msimbo, iliyofunzwa kwa msimbo wa hadharani, ukiwemo wa leseni zinazodai mwandishi atajwe. Agosti 2025 mkuu wa GitHub alitangaza kuondoka, na jukwaa likawekwa chini ya kitengo cha akili unde cha Microsoft. Kuhama peke yake hakuzuii msimbo wa hadharani kusomwa na mashine, jambo ambalo wahamaji wengi hulisahau.

Msimbo wenyewe ni vigumu kuuteka, kwa kuwa kila nakala kamili ya Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo ambayo GitHub imejengwa juu yake, hubeba historia yote. Kinachonasa ni ripoti za hitilafu, mijadala na mitambo ya Actions, yaani kazi za kujiendesha kama kupima msimbo. Hivyo havimo ndani ya Git, isipokuwa faili za maelekezo ya Actions.

Ukitaka kuhama, anza na git clone --mirror, amri ya kunakili repo nzima. Faili kubwa zilizowekwa kwa LFS, nyongeza ya Git, huhitaji git lfs fetch --all, na wiki ni repo nyingine yenye mwisho wa .wiki.git, inakiliwe peke yake. Kisha isukume kwa git push --mirror kwenye repo tupu ya jukwaa jipya. Kama si tupu, matawi yake yasiyo kwenye chanzo yatafutwa. Ripoti za hitilafu huvutwa na zana ya kuhamisha ya Forgejo, programu huria ya kuendesha jukwaa lako la Git, ukiipa tokeni (ufunguo wa akaunti yako ya GitHub): bila tokeni GitHub huruhusu maombi 60 tu kwa saa, ukiwa nayo 5,000. Siri za Actions, kama nywila, hazitoki kabisa, ziandike upya.

Bando likikata katikati, clone huanza upya. Kwa mradi mzito tumia --depth 1, halafu ongeza historia kidogo kidogo kwa git fetch --deepen. Usitegemee kioo (nakala ile ya --mirror) pekee, maana ukikisasisha kwa --prune, tawi lililofutwa kule hufutwa na kwako. Tengeneza git bundle, faili moja yenye repo nzima, kila mwezi, ihakiki kwa git bundle verify, iweke kwenye diski ya nje.

Seva yako ya Forgejo hapa Ilemela itakupa uhuru, ila umeme ukikatika nayo inazima, na lazima awepo mtu wa kuisasisha. Codeberg, jukwaa la chama kilichosajiliwa Berlin, huendeshwa kwa michango na hulenga programu huria, hivyo kazi ya mteja isiyo huria haina nafasi pale. Kwa kikundi kidogo, ningeiacha GitHub iwe mlango wa wachangiaji, nakala ikae Codeberg, na kila uamuzi mkubwa wa mijadala uandikwe kwenye faili ndani ya repo yenyewe.