Kazi za Lucy Liu zipimwe kwa kutazamwa, si kwa jina

Picha iliyochorwa na mwigizaji mashuhuri hupokewa, mara nyingi, kwa moja kati ya njia mbili: mashabiki huisifu kabla ya kuitazama vizuri, na wahakiki huidharau kabla ya kuitazama kabisa. Pande zote mbili huwa zimeshughulika na jina tu. Nimefuatilia kwa muda mrefu kazi za Lucy Liu, Mmarekani mwenye asili ya Kichina ambaye wengi wetu tulimfahamu kwanza kupitia filamu na tamthilia, na naamini kwa dhati kwamba yeye ni miongoni mwa wanaodhulumiwa na mazoea hayo.

Liu hakuikimbilia sanaa baada ya kupata fedha na nafasi. Maonyesho yake ya kwanza, ya kolaji (picha zinazoundwa kwa kubandika vipande vya karatasi na vitu vingine) na picha za kamera, yalifanyika New York mwaka 1993, miaka mitano kabla ya tamthilia ya mawakili iliyomtangaza duniani. Mwaka uliofuata alikwenda Beijing kujifunza sanaa, na baadaye, akiwa tayari nyota, alirudi darasani katika New York Studio School. Kwa miaka mingi alionyesha kazi zake kwa jina la Yu Ling, yaani jina lake la Kichina, ili zisibebwe na umaarufu wa skrini. Mtu anayetafuta sifa za bure hawezi kulificha jina lile lile linalomletea sifa.

Lakini historia hii, hata iwe nzuri kiasi gani, haitoshi kuitetea kazi mbovu, kwa hiyo inafaa tuitazame kazi yenyewe. Mfululizo unaonigusa kuliko mingine ni ule unaoitwa Lost and Found. Ni vitabu vilivyotengenezwa kwa mkono, na ndani ya kurasa zake yamechongwa mashimo, na ndani ya kila shimo kimelazwa kitu ambacho mtu fulani alikipoteza au alikitupa, kisha Liu akakiokota katika mojawapo ya miji aliyopita. Vitu hivyo havina thamani yoyote sokoni. Ni takataka za barabarani ambazo mpita njia angezikanyaga bila kugeuka. Shimo, hata hivyo, limekatwa kwa kufuata umbo la kitu chenyewe, hivi kwamba kitu kinakaa bila kulegea na bila kubanwa, na karatasi zilizolizunguka zinakihifadhi pande zote. Ukilitafakari hilo utaona kwamba kazi nzima imeshikiliwa na hisia moja ya kila siku ambayo hatuizungumzii sana, nayo ni ile hamu ya kuwa na mahali panapokutosha wewe, mahali ambapo hapangemfaa mwingine.

Hisia hiyo haikutoka hewani. Liu alizaliwa mwaka 1968 katika mtaa wa Queens, jijini New York, akiwa mtoto wa wahamiaji kutoka China, na yale anayoyarudia katika kazi zake ni usalama, kuokolewa, na alama ambazo mahusiano ya karibu humwachia mtu kwa miaka mingi. Hayo si mambo ya kishujaa. Ni mambo ya jikoni, ya kitandani, ya mtoto anayesubiri mlango ufunguliwe. Nadhani ndiyo sababu uchanganyaji wa malighafi unamfaa kuliko rangi peke yake, kwa kuwa karatasi, uzi, mbao na kitu kilichookotwa vina maisha yao ya awali, na mtazamaji huyahisi maisha hayo hata kabla ya kuelezwa chochote. Picha zake kubwa zilizochota kutoka sanaa ya kale ya Kijapani ya mahaba ndizo zinazoandikwa zaidi na magazeti, ila kwangu mimi zina nguvu kidogo kuliko vitabu vile, maana zinataka kukushtua, ilhali vitabu havitaki chochote kutoka kwako.

Kazi ya uigizaji nayo inaeleza jambo hapa. Mwigizaji hutumia machozi yake halisi kwa maneno yaliyoandikwa na mwingine, akiwa amesimama mahali alipoelekezwa na mwongozaji, na kisha mhariri ndiye anayeamua ni sekunde ngapi za machozi hayo zitabaki. Mbele ya turubai, hisia zake hubaki mikononi mwake mwenyewe. Mfano ni Pierce Brosnan, mwigizaji aliyewahi kuwa James Bond, ambaye ujanani London alifanya kazi ya kuchora kabla ya kuigiza, alirudi kwenye rangi mwaka 1987 mkewe, Cassandra Harris, alipokuwa akiugua saratani ya ovari. Picha yake ya Bob Dylan iliuzwa kwa dola milioni 1.4 mwaka 2018 katika mnada wa hisani wa kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, jambo jema kabisa, lakini bei ile haituambii lolote kuhusu picha. Mtu aliyekuwa akimuuguza mkewe huku akitafuta pa kuiweka hofu yake ndiye anayestahili kuzungumzwa, na yeye huzungumzwa kwa nadra.

Kwa sababu hiyo naona Makumbusho ya Taifa ya Singapore yalifanya jambo la haki mwaka 2019 yalipomweka Liu katika maonyesho mamoja na Shubigi Rao, msanii ambaye amejitolea miaka mingi kuchunguza historia ya kuteketezwa kwa vitabu, na ambaye baadaye aliiwakilisha Singapore katika Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa, ya mwaka 2022. Upande mmoja kulikuwa na msanii anayeuliza kwa nini binadamu huvichoma vitabu. Upande wa pili, msanii anayevigeuza vitabu kuwa hifadhi ya vilivyotupwa. Hapo nyota hakupewa ukumbi wa peke yake wa kushangiliwa, wala hakufukuzwa mlangoni kwa kosa la kujulikana. Natamani majumba mengine ya sanaa yawapange waigizaji namna hiyo, karibu na wasanii wenye uzito unaoweza kuwafunika, kisha yatuachie sisi watazamaji muda wa kutosha mbele ya kila kazi.