Kamati ya Gofu na Dagaa wa Mama Mkwe

Shemeji yangu alifanya kazi miaka minne kwenye hoteli moja ya Zanzibar yenye uwanja wa gofu wa mashimo tisa. Kazi yake ilikuwa kukata majani. Lakini mtu akishakata majani ya gofu miaka minne, akirudi Mwanza hakwambii alikuwa anakata majani. Anakwambia, "Nilikuwa kwenye gofu." Alishuka stendi na begi refu lenye fimbo tano, mipira mitatu, vijiti vya mbao vya kuwekea mpira, na kofia ambayo tangu siku hiyo sijawahi kumwona bila hiyo, hata msibani.

Mimi nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi pale Kirumba. Gofu siijui. Ila nina printa na nina mahali pa kuchongesha mhuri, na kwa sifa hizo mbili nikajikuta Katibu.

"Shemeji," aliniambia, "gofu si ndondo hii ya kuweka mawe mawili mkasema goli. Gofu ina wenyewe." Akageuza risiti yangu ya umeme akanichorea. Juu kabisa R&A ya St Andrews, Uskoti, na USGA ya Marekani, hao ndio watunga sheria za dunia nzima. Chini yao chama cha taifa. Chini yake klabu. Na huku chini kabisa, akapigia mstari mara mbili, Kamati. "Kitabu cha sheria chenyewe kinaitaja Kamati kwa herufi kubwa. Pakiwa na utata, Kamati. Pasipo na utata, Kamati."

Mtu wa Mwanza ukimwambia kuna mchezo hauendi bila kamati, umemmaliza. Jumapili ile ile tulikuwa watu saba na vyeo saba: Mwenyekiti (shemeji), Makamu, mimi, Katibu Mwenezi, Mweka Hazina, Mlezi, na mwendesha bodaboda mmoja ambaye alikuwa mwanachama wa kawaida kwa dakika kama kumi hivi, akanuna, tukampa Nidhamu. Tukaandika katiba. Kurasa kumi na moja, karatasi zangu, wino wangu. Mweka Hazina anasema malipo yako kwenye mchakato.

Kilichotuchelewesha zaidi ni kifungu cha zawadi. Sisi ni wachezaji wa ridhaa, na sheria za ridhaa zilizoanza 2022 zinasema zawadi isizidi dola 1,000 za Marekani, na kwenye mashindano ya handikapu, yaani yale ambayo mchezaji dhaifu anapunguziwa mapigo, usiguse pesa taslimu kabisa. Mweka Hazina, aliyekuwa anapigania bahasha, aliinamisha kichwa kama aliyepewa taarifa ya mgonjwa. Tukapitisha beberu. Beberu hafiki dola 1,000 hata umvalishe suti.

Nyumbani nikamweleza mke wangu kwamba Jumamosi nakwenda Ukerewe na kaka yake kwenye gofu ya ridhaa.

"Ridhaa ya nani?" akauliza. "Maana mimi sijatoa."

Tarehe aliichagua Katibu Mwenezi, na kigezo chake kilikuwa kimoja: siku hiyo Simba hachezi na Yanga hachezi. Tukagonga mhuri. Watu saba, wote tumekulia kandokando ya ziwa hili, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mwezi utakuwa wapi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa wavuvi wanashona nyavu na ufukwe unabaki mtupu kama uwanja wa shule wakati wa likizo. Giza likiingia, kuanzia asubuhi kila kipande cha mchanga kinakuwa na dagaa wake na dagaa wana mwenyewe. Tarehe yetu ilikuwa imelala katikati ya giza.

Tukapanda meli ya Nansio. Zaidi ya saa tatu majini, na mzee mmoja njia nzima anaulizia bei ya yale mabomba yetu ya kupulizia pamba.

Uwanja ulikuwa malisho ya baba mkwe wa shemeji, nje kidogo ya Nansio, kati ya shamba la mihogo na ziwa. Niseme ukweli, palipendeza. Majani yamekatwa na ng'ombe hadi kwenye mizizi. Hoteli za visiwani zinachimba bwawa ili mchezaji apate mahali pa kupotezea mpira. Sisi tulikuwa na maji ya kilomita za mraba 68,800, bure. Shimo la gofu kipenyo chake ni milimita 108 dunia nzima, kwa hiyo Nidhamu alikuja na makopo matatu ya rangi ya lita moja. Tukapima kwa rula ya mtoto wa shule. Likapungua uzi mmoja. Kamati ikakaa chini ya mwembe, ikajadili, ikaamua rula ni mbovu.

Kwa kuwa hakuna aliyewahi kucheza, kila mmoja wetu alipewa handikapu ya juu kabisa, 54. Mimi nilifurahi sana. Nilidhani ni maksi.

Mwenyekiti akasoma kanuni za uwanja. Kiboko: kitabu kinakuruhusu kusogeza mpira bila adhabu penye mnyama wa hatari, na kule Jinja, Nile inakotokea, hata mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko unauokota tu. Hiyo tulipiga makofi. Halafu akasoma kifungu kilichotumaliza: mpira ukipotea unatafutwa dakika tatu. Zamani zilikuwa tano, zikapunguzwa 2019. Zikiisha, mpira huo umepotea kisheria. Alisoma kwa sauti, na watoto wa kijiji walikuwa wamejipanga pembeni wanasikiliza kuliko Kamati.

Makamu akapiga wa kwanza, ukaingia ziwani. Sawa. Mlezi akapiga wa pili ukaangukia kwenye majani, wazi kabisa, mimi mwenyewe niliuona. Tulipofika hapo kulikuwa na mtoto wa kama miaka minane amesimama wima, hatikisiki, anatazama mawingu. Tukazunguka. Tukapekua. Mwenyekiti ameshika saa. Alipotamka tu "tatu!", mtoto akainua mguu wa kulia, akaokota mpira, akauweka mfukoni na kuondoka kwa hatua za mtu mzima. Nidhamu alitaka kumkimbiza. Mwenyekiti akamzuia: "Mwache. Yuko ndani ya sheria."

Ukabaki mpira mmoja, na zamu ikawa yangu.

Wiki nzima nilikuwa nafanya mazoezi kwa ufagio nyuma ya kibanda. Ufagio haukunidanganya kamwe. Ile fimbo ya chuma sijui ina nini: nilikilenga kitambaa cha khanga kilichokuwa juu ya shimo, mpira ukaenda kulia, ukapita juu ya beberu, ukapita juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ukashuka taratibu mahali panapong'aa kama bati jipya.

Dagaa. Wametandazwa juu ya nyavu kuukuu, nyavu baada ya nyavu, wamekauka nusu, wote wanatazama upande mmoja. Na katikati yao, mweupe, duara, umetulia, mpira wa mwisho wa Kamati.

"Tuuokote tu," nikasema.

Mwenyekiti akatoa simu. Kamati ikajipanga nyuma yake, mikono mgongoni, kama wageni waliokuja kukagua mradi. "Mpira," akasoma, "huchezwa ulipolala."

"Shemeji, hawa dagaa ni wa mtu."

"Katibu, gofu ni nidhamu."

Hapa naomba nikiri jambo. Nikiwa nimeinama, nikijifanya natoa mchanga kwenye kiatu, nilitoa kijiti kimoja mfukoni nikakichomeka chini ya mpira. Najua hairuhusiwi. Niliona mpira ukiinuka sentimita mbili juu ya mboga ya watu, nitaupiga wenyewe na dagaa watabaki salama. Ilikuwa ni huruma.

Nikavuta. Nikapiga.

Waliopaa ni dagaa. Walipaa wote kwa pamoja, kama bado wanaona taa, wakaning'inia angani muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha wakashuka kwenye mchanga, majini, na kwenye kofia ya Mwenyekiti. Kunguru walikuwa wameshafika kabla dagaa wa mwisho hajatua. Wakaja mwewe, wakaja yangeyange. Na mpira? Mpira ulikuwa palepale. Kila kitu kilichouzunguka kilikuwa kimeondoka, wenyewe umekaa juu ya wavu.

"Pigo la pili," akasema Makamu, na akaandika.

Ndipo mama akatokea nyuma ya mtumbwi na mti wake wa kufukuzia ndege. Hakukimbia. Mama anayekimbia unaweza kumtuliza, huyu alitembea.

"Mkubwa wenu ni nani?"

Mikono sita ikanyooka kwa Mwenyekiti, na wa kwanza ulikuwa wa Makamu. Lakini Mwenyekiti alikuwa amegeukia ziwa, kofia imeshushwa mpaka puani, dagaa wawili juu yake. Nikadhani ni aibu ya kawaida. Nikamsogelea, nikamnong'oneza kama kile kifungu cha mnyama wa hatari kinaweza kutusaidia.

"Bhebhe!" akanijibu bila kusogeza midomo. "Huyo ni mkwe wangu."

Mkwe hatazamwi usoni hata siku ya heri, seuze siku umemmwagia dagaa. "Na wewe uliyefunika uso," mama akauliza, "ni nani?"

"Shikamoo mama," shemeji akaliambia ziwa.

Kimya. Kunguru tu. Mama akamtazama mgongo, akatazama kofia, akatazama nyavu zake. "Marahaba," akasema. "Kumbe ndiyo kazi uliyoifuata Zanzibar."

Kesi haikuchukua hata dakika tatu. Beberu akafunguliwa kamba akaenda kwa mama, na Mweka Hazina akamsindikiza kwa macho hadi alipopotea kwenye mihogo. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyepiga, nikauziwa sado mbili za waliookotwa, pamoja na mchanga wao, kwa bei ya wasio na mchanga. Kurudi mezani kwa mkwe hakuna aliyethubutu. Tulikula mihogo ya kuchoma bandarini.

Kwenye meli shemeji akalala. Nikafungua kile kitabu cha sheria kwenye simu, basi tu, kupitisha muda, nikafika kwenye vizuizi. Imeandikwa wazi: mpira ukikaa juu ya kitu kilichotengenezwa na mtu na kinachohamishika, unauokota, unakiondoa kitu, unaudondosha, hakuna adhabu. Wavu umetengenezwa na mtu. Wavu unahamishika. Nikamtazama shemeji alivyolala na kofia yake inanuka. Nikazima simu. Kwenye muhtasari nikaandika: *Ajenda namba 4, mengineyo.*

Jumanne mke wangu alikuwa anachambua dagaa uani, ungo mapajani. Akasimamisha mkono. Akainua kitu kidogo cha mbao, chembamba, chenye kichwa kama cha msumari, akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Hiki nini?"

"Mfupa," nikasema.

"Wa dagaa?"

"Labda wa sangara."