Muziki Juu ya Pikipiki: Tuanze na Upepo

Kila inapotokea ajali ya bodaboda ambayo dereva wake amekutwa na eafoni masikioni, mabishano yale yale huanza upya. Wapo wanaotaka vifaa hivyo vipigwe marufuku kwa kila anayeendesha pikipiki, kwa hoja kwamba asiyesikia honi hawezi kujinusuru wala kumnusuru abiria wake. Wapo pia wanaouliza kwa nini dereva wa gari afunge vioo, awashe kiyoyozi na kufungulia redio mpaka viti vitetemeke bila kusimamishwa na trafiki, ilhali mwenye pikipiki aonekane mkosaji kwa wimbo mmoja. Pande zote mbili zina la kusema, lakini zote huukimbilia muziki na kuuacha upepo, ambao ndio unaoamua sauti ipandishwe hadi wapi na sikio libaki kusikia nini.

Asiyeendesha hudhani kwamba kelele kubwa ya pikipiki hutoka kwenye injini na ekzosi, na kwa mwendo wa mjini hajakosea. Pikipiki ikishapita kilomita 60 hivi kwa saa, hewa inayogonga kofia ngumu huvurugika kwenye kingo zake, hasa chini ya kidevu na kandokando ya masikio, na msukosuko huo hugeuka mngurumo mzito unaoumeza mlio wa injini. Vipimo vilivyofanywa Ulaya tangu miaka ya 1990 ndani ya kofia za waendesha pikipiki vimeonyesha takribani desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye mwendo huo wa kadiri, na 100 au zaidi mwendo unapozidi kilomita 100 kwa saa. Hizo zilikuwa kofia zinazofunika kichwa kizima. Wengi wa madereva wetu huvaa zile zisizo na kidevu, tena mkanda ukiwa umelegea au haujafungwa kabisa, na upepo hupita kando ya sikio bila kizuizi chochote.

Desibeli hazijumlishwi kama kilo za sukari: zikiongezeka 3 tu, nguvu ya sauti imekuwa maradufu. NIOSH, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, hupendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda huo hukatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1, na 100 kwa robo saa tu. Sasa mchukue mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, mwendo wa takribani kilomita 190, akiwa juu ya Boxer inayokwenda 80 kila barabara inaporuhusu. Pengine hata kabla ya kufika Chalinze, mji ulio kama katikati ya njia, masikio yake yamekwisha kumaliza kipimo cha kelele cha siku nzima, na hajasikiliza wimbo hata mmoja. Ule mvumo unaobaki masikioni usiku baada ya safari ni dalili kwamba seli za sikio la ndani zimeelemewa, na seli hizo zikishakufa hazioti tena.

Juu ya kelele hiyo ndipo muziki unapowekwa. Ili wimbo usikike ni lazima uukaribie upepo kwa nguvu, na sauti mbili za desibeli 94 kila moja zikikutana hutoa 97, kwa maana kwamba saa moja imekuwa nusu saa. Tena hakuna anayeishia hapo. Mngurumo wa upepo umekaa zaidi kwenye sauti nzito, kwa hiyo kinachopotea kwanza ni besi, na mpenda muziki anayeikosa besi hupandisha sauti yote, pamoja na zile kali zisizokuwa na shida ya kusikika. Anayedai kwamba husikiliza kwa sauti ya chini huku akienda kilomita 90 kwa saa bila kuukinga upepo masikioni huenda anasema kweli kuhusu namba iliyo kwenye simu yake, lakini hasemi kweli kuhusu kinachofika sikioni.

Wanaotaka marufuku wana nguvu zaidi mjini, na hapo nakubaliana nao karibu moja kwa moja. Kwa mwendo wa kilomita 30 au 40 kwa saa upepo bado ni mdogo, na sikio hufanya kazi kubwa: husikia daladala inayochomekea kutoka kushoto, bajaji inayokata kona bila ishara, king'ora cha gari la wagonjwa kabla halijaonekana. Pikipiki nyingi za biashara zimeondolewa vioo vya pembeni, au vioo vimegeuzwa ndani ili visigongane na magari kwenye foleni, na dereva wa namna hiyo hutegemea masikio kujua kilicho nyuma yake. Mtu huyo akiziba masikio, nyuma yake pamekuwa giza. Abiria naye ana lake la kusema. Aliyepanda Mwenge akasema anashuka kituo cha pili atamgonga dereva begani mara tatu, atapiga kelele "Bosi, hapa hapa!", na pikipiki itasimama mita mia mbili mbele, kwa breki ya ghafla, huku waya mweupe ukining'inia chini ya kofia.

Lipo pia suala la muziki wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtafiti Warren Brodsky wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion nchini Israeli aliwapima madereva kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji, na akaonyesha kwamba mapigo ya muziki yalipoongezeka kasi, nao waliongeza mwendo na kufanya makosa zaidi, yakiwemo ya kupita taa nyekundu. Matokeo ya mashine si barabara ya Mandela ya Dar es Salaam, lakini singeli yenye mapigo 200 na zaidi kwa dakika haiwezi kuwa sawa na taarabu ya taratibu kwa mtu aliyeshika eksileta.

Hata hivyo, hoja ya honi haiendi mbali kama inavyodhaniwa. Kwenye barabara kuu, kwa mwendo wa 80, upepo umekwisha kuyachukua masikio hata ya yule asiyekuwa na chochote masikioni. Basi linalokuja kupita humfikia likiwa tayari ubavuni, na wenye uzoefu husema huhisi wimbi la hewa kabla ya kusikia mlio. Kumwambia mtu huyo aache masikio wazi ili asikie ni kumwachia upepo peke yake. Kinachomlinda hapo ni vioo viwili vya pembeni vilivyopangwa vizuri. Wanaotetea muziki husema pia kwamba safari ndefu ya peke yake huchosha akili, na kwamba sauti ya ramani inayoelekeza njia ni salama kuliko kuitazama simu iliyofungwa kwenye usukani. Hilo la ramani silipingi. La uchovu nalikubali nusu, kwa kuwa kelele ya upepo yenyewe ni sehemu kubwa ya uchovu huo, na ukiipunguza, haja ya kuamshwa na muziki nayo hupungua.

Suluhu inayopendwa na wengi ni eafoni moja: sikio moja kwa wimbo, moja kwa barabara. Jimbo la California hukataza kuziba masikio yote mawili na huruhusu moja. Mjini, kwa sauti ya chini, inavumilika. Kwa mwendo mkubwa naiona kuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu sikio lililo wazi hupokea upepo wote, na mwenye nalo hulipandishia sauti lile lingine ili wimbo ushinde. Atapoteza masikio yote mawili, moja kwa upepo na moja kwa muziki. Ufaransa ilichukua njia tofauti: tangu Julai 2015 imekataza eafoni kwa waendeshaji wote, wa baiskeli wakiwemo, lakini ikaacha spika zilizowekwa ndani ya kofia ya pikipiki. Sheria hiyo huliacha sikio bila kitu ndani yake, ila haisemi lolote juu ya upepo ambao spika hizo zinashindana nao.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuupunguza upepo. Vizibo vya sponji vya masikio, vinavyouzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya kazi, hukata desibeli 20 hadi 30 vikiingizwa sawasawa: unakisokota kizibo kiwe chembamba, unapitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa na kulivuta sikio juu na nyuma, kisha unakishikilia mpaka kivimbe. Kikining'inia nje hakijafanya kazi. Skafu inayoziba uwazi chini ya kidevu husaidia pia. Kioo cha mbele kinaweza kusaidia au kuharibu, kwa kuwa kioo kifupi hurusha hewa iliyovurugika moja kwa moja kwenye kofia. Eafoni zenye teknolojia ya kufuta kelele hufanya vizuri kwa mngurumo wa ndege, ambao ni wa namna moja, haupandi wala kushuka. Lakini upepo unaopigapiga huzichanganya maikrofoni zake ndogo.

Spika za kofia juu ya vizibo ndio mpangilio ninaouona bora kwa safari ndefu, ingawa gharama yake inawazidi madereva wengi wa bodaboda. Vizibo hupunguza upepo na muziki kwa pamoja, na maneno husikika wazi zaidi kwa sababu sikio halijafurikwa. Sauti ipangwe pikipiki ikiwa imesimama, kwa kiwango ambacho mtu aliye jirani akiita bado anasikika, na isiguswe tena njiani. Wimbo ukipotea kwenye 90, na upotee.